Gari la Kupima Barabara

Kishikio cha shokomzoba kilikuwa kimekatika tena, mara ya tatu wiki hiyo, na gari la ofisi ya barabara lilikuwa limeinama upande mmoja mbele ya karakana ya Nzuki kama ng'ombe aliyegoma njiani.

Injinia Wahome alishuka, akatazama saa, akafungua daftari, akaandika. Dereva wake, Musyoka, aliingia chini ya gari na kutoka na kipande cha chuma mkononi.

"Imekufa pale pale, mzee."

Nzuki alikipokea, akakigeuza. Bati jembamba, sikio moja la kupitishia bolti, limechomelewa upande mmoja tu. Yeye alijifunzia kuchomelea vyuma kwenye shamba la mkonge kule Kibwezi, miaka kumi na moja chini ya msimamizi ambaye hakuwahi kumwita kwa jina, na kazi mbovu aliijua kwa kuigusa.

"Hii ilitengenezwa na mtu wa lami," alisema. "Kamutei hajafika."

Kamutei ni soko la maduka manane, kilomita arobaini kutoka Mutomo, na hizo arobaini ni mawe, korongo na mchanga. Barabara waliahidiwa mwaka wa sitini na tatu. Sitini na tisa wakaahidiwa tena, na wakachinja mbuzi sita kumkaribisha aliyeahidi. Sabini na nne aliyekuja kuahidi hakushuka hata kwenye gari. Aliahidi kupitia dirishani. Sasa ilikuwa Julai sabini na tano, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja mtu asiye na kipaza sauti, ana kamba ya kupimia na kalamu. Nzuki hakukubali mtu huyo arudi kwao kwa sababu ya kipande cha bati.

Tena alikuwa na lake. Binti yake, Mumbua, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa punda, katikati ya njia ya kwenda hospitali Mutomo, na akazikwa kando ya njia hiyo hiyo. Huyu wa pili alitarajiwa Desemba. Injinia alikuwa amesema barabara ikikubaliwa, tingatinga litaanza kazi Oktoba.

"Wacha nikutengenezee kitu cha kukaa," Nzuki alimwambia. "Mbele na nyuma, vyote vinne."

Wahome alifunga daftari. "Mzee, ofisi haijaniruhusu kutengeneza nje."

"Ofisi sijaiuliza. Nimekuuliza wewe, unataka kumaliza kazi ama hutaki?"

Injinia alimtazama Musyoka, halafu akatazama viatu vyake. "Ukijitolea mwenyewe, mimi siwezi kukukataza."

Kilichokosekana ni chuma. Springi kuukuu za lori zilikuwapo, lakini chuma cha springi ukikichomelea hupasuka kando ya kiungo. Chuma chenyewe kilikuwa chini ya mkokoteni wake wa punda: boriti ya chasisi ya lori, nene, isiyo na ufa. Aliulaza mkokoteni ubavu na kuanza kukata. Nthenya, mkewe, alisimama mlangoni na sufuria ya chai.

"Na maji tutabeba na nini?"

"Kichwa. Miezi mitatu tu."

"Na Mumbua?"

"Mumbua ataenda na gari, kama bibi ya chifu."

Alifanya kazi siku mbili. Kila kishikio alikipa masikio mawili badala ya moja, ili bolti ishikwe pande zote, na nyuma ya kila sikio akaegemeza pembetatu ya chuma. Akachomelea pole pole, akiacha chuma kipoe chenyewe. Wakati injinia alikuwa ndani akila kuku wa Nthenya, Musyoka alichuchumaa karibu na fundi.

"Mzee Nzuki. Si ungeiacha tu ikatike?"

"Kwa nini?"

"Nasema tu. Hii gari ikikatika, yeye anaandika. Isipokatika, ataandika nini?"

Nzuki alicheka bila furaha. Madereva wa serikali aliwajua: gari likilala, posho inaendelea. "Na wewe ni mtoto wa huku huku, wa Ikutha. Wewe ukilala Kamutei unalipwa, kijana. Sisi tunalala Kamutei bure. Hebu nishikie hiyo koleo."

Musyoka alishika koleo.

Agosti gari lilipanda na kushuka njia ile mwezi mzima. Watu waliacha majembe kulitazama likiruka mawe. Kila lilipopita Nzuki alitoka nje, na injinia akampungia mkono. Siku ya kuondoka alimpa mkono kwa heshima, akashukuru kwa chai, kwa kuku, kwa kazi.

Oktoba ikapita. Tingatinga halikuja. Barua ilikuja wiki ya pili ya Novemba, na Chifu Ndululu akaisoma kwenye baraza, akiitafsiri kutoka Kiingereza sentensi moja moja. Nzuki alikaa mbele kabisa. Mumbua alikuwa kando yake kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo.

"'Ofisi hupima barabara kwa kuhesabu gari limeharibika mara ngapi,'" chifu alisoma. "'Julai gari letu liliharibika mara kumi na moja, na barabara ya Kamutei ikawa ya kwanza kwenye orodha ya kutengenezwa. Agosti halikuharibika hata mara moja. Kwa hivyo tumeiandika kuwa ni barabara nzuri.'"