Namba Sita za Wariara

Namba za kuthibitisha uhamisho wa pikipiki ziliingia kwenye simu ya Wariara akiwa shambani kwake Mau Narok, akichimbua viazi. Aliyekuwa mume wake alisimama ukingoni mwa shamba, akizingoja.

"Nisomee tu hizo namba sita," alisema. "Huyu jamaa ananunua skrambla. Anataka logbuku isome jina lake."

Mnunuzi, kijana wa Ndabibi, alikuwa ameegemea pikipiki yenyewe barabarani.

Logbuku, hati ya umiliki, ilikuwa na jina la Wariara kwa sababu ng'ombe aliyeuzwa ili pikipiki inunuliwe alikuwa wake. Mume alipohamia kwa mwanamke mwingine, aliondoka nayo. Tangu hapo Wariara hupeleka maziwa kwa miguu, mtungi mgongoni, mkanda kichwani. Mkanda huo umemchimbia mfereji kwenye paji la uso. Aliupapasa mfereji huo polepole kwa kidole chenye udongo, toka upande mmoja hadi mwingine.

"Boss," alimwita mnunuzi, "umeshamlipa?"

"Bado, mathe. Nangoja jina libadilike."

"Umefanya vizuri. Mimi siuzi."

Mume alicheka. "Wacha mchezo, Wariara. Hata kuiendesha hujui."

"Nitajifunza."

Alifuta ujumbe, akatoka hadi barabarani, akamnyooshea mnunuzi mkono. Mnunuzi aliwatazama wote wawili, akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani.

Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Sasa mimi nitarudije?" mume aliuliza, akifunga vifungo vya koti lake la mvua.

"Sijui," alisema Wariara. "Lakini koti la mvua uliache. Nalo nililinunua mimi."