Mkosi wa Baba Jane

Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024, Rafaeli wa Malangali, mjini Sumbawanga, aliondolewa mbele ya televisheni aliyoinunua mwenyewe.

"Baba Jane, inuka," alisema mkewe, Hilaria, kwa upole. "Timu inaingia uwanjani."

Sebule ilijaa wanawake wenzake wa darasa la watu wazima, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Hakuna aliyecheka. Walimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza mwezi wa pili. Timu ya taifa ya wanawake ilikuwa ikicheza na wageni, na Rafaeli aliposimama tu kushangilia, wageni wakafunga bao. Hilaria alishika kifua.

"Ni wewe, Baba Jane! Una mkosi!"

Akamtuma zizini. Alipokuwa akizoa samadi, Tanzania ilifunga mara mbili.

Tangu siku hiyo Rafaeli hakuona mechi hata moja. Ile ya mwezi wa nne alipukuchua mahindi nyuma ya nyumba, timu ikashinda. Ile ya mwezi wa saba alifua mablanketi mtoni, kwa kuwa Hilaria alikuwa amegundua kwamba mkosi huongezeka mikono ikikaa bure. Timu ikashinda, na mablanketi yakatakata.

Mwezi wa kumi uvumilivu ulimwishia. Aliweka jembe chini, akanyemelea dirisha.

"Tumefungwa!" alipiga kelele Rosina, jirani yao, kabla Rafaeli hajauona hata mpira. Akarudi shambani mbio.

Jioni redio ilitangaza ushindi wa mabao mawili kwa bila.

"Mama Jane, mbona bao lile hawakulitaja?"

"Mwamuzi alilikataa," alijibu Hilaria, "ulipoondoka tu dirishani."

Rafaeli alimshukuru Mungu.

Sasa ilibaki mechi moja ya kufunga mwaka, na moyo wake ulitamani walau hiyo.

"Nitakaa hapa mlangoni tu," alibembeleza. "Nitafumba macho, nisikilize."

"Wasichana wale wamekimbia mwaka mzima, Baba Jane. Uwaangushe leo, kwa tamaa ya masikio yako?"

Rosina alifuta jicho kwa pindo la kitenge. Rafaeli aliipenda nchi yake. Akajitwika debe la mahindi ya kusaga, akafungiwa mtoto wao mdogo mgongoni, na akakumbushwa mambo mawili: asirudi kabla ya kipenga cha mwisho, na asimwambie mtu yeyote habari za mkosi wake, wasije wakamhamisha mtaa.

Njiani alikutana na Limbu, mfugaji aliyejulikana kwa kuwacheka wanaume wanaoshika kazi za nyumbani. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo uliofunikwa turubai.

"Kumbe siku hizi umekuwa mama!" alisema Limbu, akimtazama mtoto. "Utanyonyesha lini?"

"Na wewe unakwenda wapi na mzigo huo?"

"Namtafuta ndama aliyepotea. Hii ni chumvi yake." Limbu akapanda baiskeli, akakanyaga pedeli, akatokomea kwa haraka isiyo ya mtu anayetafuta ndama.

Rafaeli alitembea polepole. Alijiandaa kwa aibu ya kusimama peke yake katikati ya wanawake kwenye mashine ya kusaga.

Alipofika, hakumwona mwanamke hata mmoja. Palikuwa na foleni ya wanaume watupu, toka mlangoni hadi barabarani: Baltazari fundi seremala, Theodory katekista, wengine na watoto mgongoni, wote wakitazama chini. Mwisho wa foleni alisimama Limbu, na kile kilichokuwa chini ya turubai kilikuwa mahindi.

Rafaeli alishusha debe lake nyuma ya Limbu.

Ghafla mkanda wa mashine ulikatika, kukawa kimya. Ndipo vigelegele vikasikika kutoka Malangali yote, nyumba baada ya nyumba. Bao!

"Afadhali sikubaki nyumbani," walinong'ona wanaume wote kwa pamoja, kisha wakainua vichwa wakatazamana.

Nawe uliyesoma, mpatie jirani yako naye asome. Ila akiwa mwanamume, ngoja kwanza amalize kusaga.