Mgeni wa Tovuti ya Marehemu

Sheria ilikuwa fupi: tovuti ya marehemu ikikaa siku arobaini bila mgeni, inafutwa. Tovuti saba za familia ya Salha, za wazima na za waliokufa, zilikaa kwenye seva moja nyumbani kwake Pangani, na kumbukumbu ya seva iliandika wageni wote pamoja, kila ziara mstari wake, bila kutaja tovuti waliyoingia. Mistari haikukosekana, hivyo kila ndugu aliamini kwamba marehemu mama yao anatembelewa na ndugu wengine.

Salha alibadili mpangilio mmoja, ili kila mstari uanze na jina la tovuti. Ilikuwa kazi safi. Baada ya wiki aliisoma kumbukumbu: mama yake alikuwa na mgeni mmoja tu, kila asubuhi, kutoka simu ya Bi Zeyana, mama mkwe wa Salha, aliyegombana na marehemu miaka ishirini.

“Mama, kumbe unamtembelea mama yangu?”

“Simtembelei. Naangalia kama bado anajisifia pilau yake.”

“Kila siku?”

“Anajisifia kila siku.”

Salha aliustahi ukaidi ule kuliko mapenzi yake mwenyewe, ambayo hayakuwa na mstari hata mmoja.

“Na yangu?” aliuliza Bi Zeyana. “Hebu nisomee wageni wangu, mwanangu.”

Salha alitafuta. Jina la tovuti ya mkwewe halikuwemo popote. Akatoa simu, akaifungua tovuti hiyo chini ya meza, kisha akasoma kwa sauti tulivu:

“Mmoja, mama. Leo.”