Chupa ya Bi Asumini

Kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, Bi Asumini aliomba ruhusa aende chooni. Mwanaidi, mgonjwa wa kiti cha jirani, alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni huku roho ikimuuma. Yeye mkojo ulikuwa umemkauka, mwaka wa pili sasa. Maji yake ya kutwa hayakuzidi ujazo wa vikombe viwili vidogo vya kahawa, na akizidisha, mizani ilimsuta mbele za watu.

Figo za Bi Asumini zilikuwa bado zinajikongoja, kwa hiyo aliruhusiwa chupa nzima. Alikunywa taratibu, akijifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Wengine wana bahati zao," Mwanaidi alimwambia nesi siku ya Jumanne, kwa sauti ya kusikika. Kimoyomoyo alimwomba Mungu mwenzake naye akaukiwe.

Ijumaa Bi Asumini aliingia, akapita moja kwa moja hadi kwenye mizani. Nesi aliusoma uzito, akausoma tena.

"Huendi chooni leo, mama?"

"Tangu juzi siendi, mwanangu."

Akaketi. Akaitoa chupa yake kikapuni, imejaa, haijafunguliwa, akaiweka juu ya kimeza kilicho kati yao.

"Mwanaidi, mwenzangu," akasema, "nifundishe. Wewe kiu unaifanyaje?"

Mkono wa Mwanaidi ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika kipande cha limau alichozoea kumung'unya kwa siri kupoza kiu. Akakibana, akakibana, mpaka maji yake yakamlowesha vidole.