Noti ya Lola Sidra

Maji machafu yalimpata Verzosa kifuani kabla hajamaliza kubisha hodi.

"Toka mlangoni kwangu!" sauti ya kike ilifoka kutoka dirishani. "Wanunuzi wa noti nimewachoka. Mbwa wana haya kuliko ninyi!"

Verzosa alipangusa miwani yake, wala hakushangaa. Kule gatini wauza samaki walikuwa wamekataa hata kumjibu salamu. Mmoja tu ndiye aliyemwelekeza njia, kwa kubenua midomo. "Yule bibi, Lola Sidra, anayo moja. Ukirudi na meno yako yote, mshukuru Mungu."

Zamani kisiwa hiki ndicho walikotengwa wagonjwa wa ukoma. Serikali iliwachapishia noti zao wenyewe, zisizonunua hata kiberiti ng'ambo ya maji, ili fedha waliyoishika wao isije ikashikwa na wazima. Siku hizi wazima ndio wanaozigombania. Verzosa alikuwa nazo zote kwenye albamu yake huko Manila, isipokuwa ya peso ishirini. Tajiri mmoja wa Singapuri alishamwahidi bei ya nyumba, mradi seti itimie.

"Bibi, nataka kuiona tu."

"Kaone kaburi la mama yako!"

Hata hivyo mlango ulifunguka. Alitokea kizee mfupi, uso umekunjamana kwa hasira, mikono yote miwili imefungwa vitambaa mpaka kwenye ncha za vidole. Verzosa alijikuta amerudi nyuma.

"Unaniogopa, eh? Ugonjwa ulipona, bwana. Vidole ndivyo havikurudi. Chakula mlitusukumia kwa fimbo. Mwanangu wa kiume mkamnyakua akiwa bado ananyonya, mkampeleka Manila, ati nisimwambukize. Sijamwona mpaka leo. Na leo mnataka noti! Marehemu mume wangu aliipata kwa kuwapasulia mawe ya barabara. Ndiyo hiyo tu niliyobaki nayo. Toka!"

Mwingine angegeuza njia. Verzosa aliona mlango wa pili ukimfungukia. Aliwahi kulia na mjane mmoja wa Samar, akajidai alikuwa rafiki wa marehemu, akaondoka na sanduku zima la noti za wakati wa vita. Sasa alivua miwani, akaiacha midomo yake itetemeke.

"Ndiyo maana sikujua nianzie wapi," alisema taratibu. "Mimi nimelelewa na masista, Manila. Waliniambia mama yangu yuko kisiwa hiki. Noti ilikuwa kisingizio tu, Mama."

Kizee alimkazia macho.

"Mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa wewe." Lakini sauti ilikuwa imekwishaanza kupasuka. "Ulizaliwa mwezi gani?"

"Hata hilo hawakuniambia."

Kizee akamnyooshea mkono uliofungwa kitambaa. Verzosa alijua anachotakiwa kufanya, kila mtoto anajua: uushike mkono wa mzazi, uuguse kwenye paji la uso wako, upokee baraka. Alibana pumzi, akainama, akaugusa.

Ndani, kizee alilia na kutukana kwa pamoja. "Miaka yote hiyo! Umenona kama nguruwe wa sikukuu, na mimi nalala nanyeshewa! Kula!" Alimsukumia wali na samaki mkavu. Verzosa alichokonoachokonoa tu, akijitahidi asiitazame ile mikono.

"Mama huli?"

"Nile nini, na bati linavuja? Mtoto gani anakuja kwa mama yake mikono mitupu?"

Verzosa alielewa. Alifungua mkoba, akatoa bahasha yote ya fedha aliyokuja nayo kununulia noti. Haikufika hata sehemu ya kumi ya kile ambacho Singapuri ingelipa. Kizee aliitupa mkekani bila kuchungulia ndani.

"Fedha! Mnadhani kila kitu ni fedha." Akapotelea nyuma ya pazia, akarudi na kopo la biskuti, akalifungua, akamwekea noti mkononi.

Ilikuwa ya rangi ya udongo, laini kama jani lililokauka, pembe zake zimelika. Bila kufikiri, Verzosa akatia mkono wa pili mfukoni kutafuta lenzi.

"Unafanya nini?"

"Macho yangu mabovu, Mama, nataka tu..."

"Zawadi ya mama yako unaipima kama nyama ya sokoni?" Alimpokonya noti. "Nilijua! Nilijua wewe ni mnunuzi tu, shetani kama wenzako!"

"Hapana, Mama! Hapana!" Lenzi ilirudi mfukoni upesi. Akaomba, akabembeleza, mpaka ikawekwa tena mikononi mwake. Akaibusu, akaifungia ndani ya shati pasipo kuitazama tena. "Nitarudi Krismasi."

"Usiporudi, nitakulaani."

Alipokwisha kukata kona alitoa kichupa cha spiriti, akajisugua paji la uso mpaka ngozi ikawaka. Alicheka peke yake njia nzima. Kizee kipumbavu, aliwaza. Mwaka mwingine hata kile kikopo angekibeba.

Kwenye boti alikuwa abiria peke yake.

"Nani kakulowesha hivyo, bosi?" mwendesha boti aliuliza.

"Lola Sidra. Mgonjwa wenu wa mwisho wa ukoma. Mkali yule, lakini kwangu amelainika."

Mwendesha boti aliacha kuvuta kamba ya injini, akamgeukia.

"Ukoma? Lola Sidra? Mgonjwa wetu wa mwisho tulimzika kabla mimi sijaoa, bosi. Yule kahamia hapa mwaka juzi tu, kutoka Cebu. Alikuwa na kiwanda cha kuchapa kadi za harusi."