Maneno Ishirini

Ukiwa nje ya nchi, simu hukupa maneno ishirini kwa mwezi, yako na ya unayempigia kwa pamoja. Nilipofungua begi hapa Doha nikakuta dawa ya kikohozi ya Shaame, mwanangu wa miaka miwili. Basi chupa niliyomwachia mama mkwe kule Pemba ni yangu ya usingizi. Nikampigia.

“Mwanangu, hujambo? Umefika salama? Wenyeji wako hawajambo? Umekula?”

“Mama, shikamoo.” Ilinitoka yenyewe.

“Marahaba. Shaame kanywa dawa, kalala fofofo. Sote hatujambo. Haya, niambie.”

Namba kwenye skrini ikasoma sifuri. Nikapiga mayowe. Laini haikukatika, ila hakuna neno langu lililovuka. Nilimsikia akipumua, akinisubiri.