Mmarekani wa Kabondo

"Papa Eddy, uko Mumerikani?"

Karani wa benki aliuliza mara ya pili, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu.

Eddy alicheka. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya mtaa wa Kabondo, na suruali yake ilikuwa na matope ya asubuhi hadi magotini. Marekani aliijua kwa kuichora ubaoni.

Moïse, yule karani, hakucheka. "Carte yako ya kitambulisho inasema ulizaliwa Lansing, États-Unis. Bon. Amerika iliomba mabenki ya dunia yote: kila mutu wao mwenye iko na konti, mutuambie. Donc unaleta numéro yao ya impôt, ya kulipa kodi, ao karatasi yenye kuonyesha ulikana uraia wao. Bila ile, tunafunga konti."

"Lakini nilitoka kule sijaanza hata kutembea!"

"Benki haiangalie miguu, papa. Inaangalia kwenye ulizaliwa."

"Na pesa yangu?"

"Inabakia ndani mpaka wakubwa wa Kinshasa waamue."

Mtaa mzima ulijua habari ya Lansing. Marehemu baba yake, Hubert, mtaalamu wa kilimo pale Yangambi, alipelekwa huko kusoma, na aliporudi alikuwa na mkewe, masanduku mawili na mtoto wa kiume. Tangu hapo Eddy aliitwa Mmarekani, na jina hilo alilipenda. Mama yake, Émilie, ndiye hakulipenda kamwe. Hata kuitwa Mama Eddy alikataa, watu wakasema anajidai. Wajukuu wakimuuliza kule kulikuwaje, alijibu neno moja: baridi.

Pesa iliyofungwa ilitokana na kiwanja cha Mangobo. Eddy alikiuza kwa ajili ya binti yake Chimène, aliyekuwa Kampala na mama yake, Clémence, akingoja kupasuliwa moyo. Hospitali ilitaka malipo kwanza.

Sehemu ndogo ya pesa hiyo alikuwa ameigeuza dola za kidijitali, akisaidiwa na Papy, kijana anayefanya kazi hiyo kwa simu karibu na soko. Eddy akaona atumie hizo. Programu ya dola hizo ikamwomba picha ya kitambulisho, mahali alipozaliwa na nchi anakolipa kodi. Akajibu kweli tupu. Kesho yake nayo ikafungwa.

"Vieux, hata huku sheria ilisha kuingia," Papy alimwambia, akimrudishia simu. "Hii dola ya hewa nayo inauliza kwenu ni wapi."

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kwenda Kinshasa, kwenye ubalozi, kuukana uraia asiowahi kuutumia. Lakini kwanza alihitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti kilikuwa kwa mama yake.

Alimkuta akichambua pondu, majani ya muhogo, uani.

"Mama, unipatie acte ya Lansing. Naenda Kinshasa kukana."

Mikono ya mama ikasimama juu ya majani. "Utamukana?"

"Si mutu, mama. Uraia."

"Usimukane, mwana wangu."

Alisema hivyo tu, akarudia majani yake. Eddy alidhani uzee umeanza kumchanganyia maneno. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Mara ufunguo wa sanduku umepotea, mara mama ana kichwa, mara yuko kanisani. Siku nyingine alimkuta amejilaza kitandani, uso ukutani.

Wakati huo Eddy alikwenda benki hadi walinzi wakaacha kumwamkia. Makao makuu hayakuwa yamejibu. Moïse alimwonea huruma, akamletea kiti. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Clémence alipiga simu Eddy akiwa darasani. Alitoka nje.

"Wametutosha, Eddy. Kitanda wamepatia mutoto mwingine. Doktere anasema turudi siku tutapata pesa, lakini hakuniangalia kwa macho. Midomo ya mutoto iko bleu."

Kisha sauti ndogo, ikikatikakatika kwa kukosa pumzi: "Papa, si uko Mumerikani? Waambie wale wenzako wafungue."

Hakurudi darasani. Alitembea moja kwa moja hadi kwa mama yake, jua la mchana likimpiga kichwani, na hakupiga hodi.

"Nimekuomba karatasi moja tu!" Hakuwahi kumpazia mama yake sauti, sasa majirani walisikia. "Wamemutosha Chimène kwa kitanda. Na kosa langu ni nini? Kuzaliwa! Kama ungenizalia hapa, sawa vile mama wengine, mutoto angekuwa anapona!"

Mama Émilie alifunga mlango. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwonyesha kwa kiganja nafasi kando yake. Eddy hakukaa.

"Eddy alizaliwa kule," mama akasema. "Ule nilimuzaa miye mwenyewe. Hakufikisha miezi ine. Tulimuzika kule kule."

Aliongea akiangalia sakafu.

"Weye, Hubert alikutosha huku kwetu, Yanonge, siku tulirudi, kwa mikono ya mwanamuke mwenye alikuwa anakufa. Jina ya Eddy na karatasi yake tukakupatia weye. Jina yenye ule mwanamuke alikuwa anakuita, hatukuuliza."